Bi Nguchiro, Kiboko na Gari Jeusi la Arusi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie wewe!

Pakawa gari. Jeusi, tena la arusi. Na wewe uliyejinyoosha kule mwisho, kaa vizuri, maana ukisinzia nitakuacha njiani.

Basi hapo kale, wanyama walipokuwa na magari na sisi tukienda kwa miguu, Bi Nguchiro alikuwa akiosha magari kando ya mto, chini ya kivuli cha mkuyu. Mume hana, watoto anao sita, na wote sita wanakula kama wamekodiwa. Kivuli kile ndicho kilichowalisha. Asubuhi mama huchota maji, chubwi! Huyamwaga, mwaa! Husugua, sugu-sugu-sugu. Jioni watoto wanashiba.

Karibu naye alikaa Kiboko. Huyu naye aliosha magari. Ukingo wa juu wake, ukingo wa chini wake, ukingo wa ng'ambo wake. Lakini mwenye vingi jicho lake haliko kwake, liko kwa jirani.

"Nguchiro, hama," alisema Kiboko.

"Nihamie wapi, Bwana Kiboko?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni ramani?"

Kesho yake tena: "Nguchiro, hama." Kesho kutwa tena: "Nguchiro, hama." Siku ya nne aliikanyaga ndoo ya jirani yake, kwachaa! Bi Nguchiro akaokota vipande, na usiku ule hakula, alihesabu watoto wake tu: mmoja, wawili, watatu, mpaka sita. Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa sana.

Siku ya tano akaja Bi Twiga, mwenyekiti wa kamati ya mto, na gari lake jeusi. Keshoye gari hilo lilitakiwa kumpeleka bintiye arusini. Siku iliyotangulia Kiboko alikuwa ameliosha kwa ufagio wa makuti na mchanga wa mtoni, kwa sababu Kiboko anaosha gari kama anavyokuna mgongo wake. Sasa juani lilijaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui.

"Mnaliona hili?" alisema Bi Twiga kwa hasira. "Nyie mnaona milango tu. Mimi paa lote naliona!"

"Buibui hao, mama," alijibu Kiboko bila haya. "Ila mimi nitalitengeneza. Huyu mwenzangu hajui kitu, afukuzwe."

"Najua," alisema Bi Nguchiro.

"Hujui!"

"Najua!"

Bi Twiga alikuwa na arusi kichwani, na kichwa chenyewe kiko mbali. Akachoka. "Gawaneni. Kiboko upande wa kulia, Nguchiro upande wa kushoto. Atakayelirudishia mng'ao, mkuyu na kivuli chake ni mali yake. Atakayeshindwa nisimwone tena hapa."

Moyo wa Bi Nguchiro, du-du-du! Alipitisha ukucha wake polepole juu ya mkwaruzo. Ukucha haukunasa. Fundi anajua: ukucha usiponasa, mkwaruzo ni mwepesi, na mwepesi unatibiwa kwa upole.

Wakaenda dukani kwa Mzee Kobe. Kwenye rafu kulikuwa na makopo matatu ya polishi: kubwa, la kati, na kikopo kidogo cha kutia huruma.

"Hili... kubwa..." alianza Mzee Kobe, "lina... cheng..."

Mzee Kobe akianza sentensi asubuhi, nukta yake utaipata baada ya chakula cha mchana. Alitaka kusema lina chengachenga kama msasa, ni la mikwaruzo mirefu iliyoingia ndani. Bi Nguchiro hakumsubiri. Alijitupa chini, pu!

"Mzee wangu, nakuomba, nipe hilo kubwa! Nina watoto sita! Nisipopata hilo nimekwisha!"

Akalia chozi moja. La pili lilikataa kutoka, akalisaidia kwa kidole.

Kiboko akasimamisha masikio. "Kumbe ndilo zuri? Mimi mkubwa, nachagua kwanza. Nalichukua!"

"Basi hata la kati, jamani!"

"La kati pia nalichukua!"

"Na mimi mnyonge nibaki na hiki kikopo?"

"Baki nacho. Kinalingana nawe."

Mzee Kobe alikuwa bado kwenye "cheng".

Kisha vitambaa. Kulikuwa na gunia la katani, na kulikuwa na nepi kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto.

"Bwana Kiboko," alisema Bi Nguchiro, "chukua vyote, lakini gunia niachie. Gunia lina nguvu!"

"Gunia nalichukua!"

Walipofika mtoni, kivuli cha mkuyu kilifunika nusu ya gari tu.

"Bwana Kiboko, kivulini kaa wewe. Mimi nikae juani, mng'ao wangu uonekane."

"Jua nalichukua!" alinguruma Kiboko, akaligeuza gari zima kwa kiuno ili upande wake uwe juani. Alijipongeza kwa akili. Watu wa namna hiyo mnawajua, wengine ni shemeji zenu.

Kazi ikaanza. Kiboko alimwaga nusu kopo, bwaa! Akasugua kwa gunia, gwara-gwara-gwara! Jua likawaka, polishi ikakauka, kraa! Akaongeza nusu iliyobaki. Gwara-gwara-gwara!

Kule kivulini Bi Nguchiro alitia tone dogo kama kunde. Kwanza alijaribu pembeni, chini ya mlango, ambako hata Bi Twiga mwenye kuona paa lote hapaoni. Akafuta, akatazama, akaridhika. Ndipo akaendelea, kipande kwa kipande. Sugu-sugu, futa. Sugu-sugu, futa. Rangi ya juu ya gari ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na yeye aliiheshimu.

"Bado uko hapo?" Kiboko alicheka. "Mimi nimemaliza!"

"Hongera, Bwana Kiboko."

Sugu-sugu, futa.

Adhuhuri Bi Twiga akarudi. Akatazama upande wa kulia. Ulikuwa wa kijivu, umefifia kama sufuria lililosuguliwa kwa mchanga.

"Kiboko! Gari langu lina ukungu?"

"Ndio mtindo mpya, mama. Mjini wote wanafanya hivi."

Akazunguka upande wa kushoto. Akaona mkuyu ndani ya mlango, majani na ndege wake. Akaona shingo yake yote, akaitengeneza kidogo.

"Loo!" alisema Bi Twiga.

"Haiwezekani!" alifoka Kiboko. "Nioneshe!" Akaja kwa kishindo, gudu-gudu-gudu, amekusudia kuukwaruza mlango ule na kuiharibu kazi. Akainama. Na ndani ya mlango akaona kiboko mwingine, mnene, ana hasira.

Sasa, maji ya mto wake yalikuwa tope tangu azaliwe. Kiboko hakuwahi kujiona hata mara moja.

"Wewe nani?" aliuliza. Akafungua kinywa. Yule akafungua kinywa. Akakipanua zaidi. Yule akakipanua zaidi.

Mng'ao ule haungedumu mbele ya meno yale, Bi Nguchiro aliliona hilo. Akasogea taratibu, akamnong'oneza Kiboko sikioni:

"Bwana Kiboko, nilisahau kukwambia. Huyu amekuja asubuhi. Anasema ukingo wa juu wake, ukingo wa chini wake, ukingo wa ng'ambo wake. Nimemwambia mwenyewe yupo. Akaniuliza: mwenyewe ni mkubwa kama mimi?"

Kiboko akamtazama yule. Akajitazama tumbo. Hakuwahi kupigana na mnyama wa ukubwa ule. Alizoea wanyama wa ukubwa wa ndoo.

"Mwambie sipo," alisema, na tumbukwi! Akazama.

Bi Nguchiro akaokota kopo la kati ambalo Kiboko hakuligusa. Akapitisha hilo kwanza upande wa kulia, kisha kikopo chake, sugu-sugu, futa, mpaka jioni. Kesho yake bibi arusi akaenda kwa mumewe katika gari lililong'aa pande zote mbili. Na Kiboko mpaka leo mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na pua tu, anachungulia kama mwenye mto ameondoka.

Mnataka fundisho? Haya, shikeni. Kusema uongo ni vibaya sana, watoto wangu, na wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Tena ni kweli: Bi Nguchiro alidanganya siku nzima, na mtazameni, hakufika popote. Yuko palepale chini ya mkuyu, ameketi kwenye kivuli chake mwenyewe, na watoto sita wanene wanamwita wakale.

Hadithi yangu imekauka, nimeifuta. Ikiwa imeng'aa, jitazameni. Ikiwa ina mikwaruzo, mlaumuni aliyenisimulia.