Nyevu na Zimwi Lililovaa Mwili Wake

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa?
Tumekaa!
Na masikio?
Yamesimama!

Basi, hapo kale palikuwa na mganga mmoja, Bibi Mbeyu. Maradhi yakisikia jina lake yalifunga virago. Kilingeni kwake, pale alipotibia watu, alikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana aitwaye Nyevu.

Nyevu alikuwa na hamu moja tu duniani: kupewa mkoba wa uganga. Na mkoba, wanangu, haugawiwi kama karanga. Mtu huwatumikia wagonjwa miaka saba, ndipo anapewa.

Nyevu akatumikia. Akachota maji, akaosha vidonda, akatwanga mizizi. Na kila dawa aliionja yeye kwanza, mbele ya mgonjwa, maana ndiyo desturi ya kilinge kile: humpi mgonjwa usichokionja mwenyewe. Na dawa za Bibi Mbeyu zilikuwa chungu! Shubiri yenyewe ilizipa shikamoo.

Mwaka wa sita ulipoisha, Nyevu akachoka.

"Bibi," akasema, "mbona hunifundishi siri? Miaka sita natembea na mtungi tu."

"Mjukuu wangu, siri ndiyo hiyo unayotembea nayo."

Nyevu akanuna. Alitaka siri yenye moshi na radi. Msinicheke, nanyi mngetaka hiyo hiyo.

Siku moja, jua likiwa la utosi, alimkuta mgeni kisimani, kanzu yake nyeupe pepepe.

"Ndiwe unayetaka mkoba?" mgeni akauliza.

"Ndimi."

"Sasa miaka saba ya nini? Nitakufundisha kutoka mwilini leo hii. Utapaa, utaona ya juu, utampita huyo bibi yako."

Basi yule hakuwa mtu. Lilikuwa zimwi, tena lenye njaa. Liliwamezea mate wagonjwa wa kilingeni, lakini ua wa Bibi Mbeyu ulizungushiwa dua, na zimwi halikuweza kuuvuka kwa umbo lake. Lilihitaji mwili wa mtu wa nyumba ile. Nyevu hakujua. Angejuaje, naye macho yake yako mawinguni?

"Lala, fumba macho, useme mara tatu: toka, roho, toka," likamwambia.

Nyevu akaweka mtungi chini, akalala.

"Toka, roho, toka. Toka, roho, toka. Toka, roho, toka."

Mara akajiona yuko juu, mwepesi kama pamba. Akaona vijiji, akaona milima, na mbele yake ukafunguka mlango mkubwa wa mwanga. Sauti nzuri zikamwita kwa jina. Furaha ilimjaa pomoni. Akageuka kidogo tu, autazame mtungi wake na kuucheka.

Akauona mwili wake unasimama. Unajikung'uta mchanga. Unacheka kwa sauti nzito ambayo si yake.

"Nyumba tupu haikosi mpangaji!" likasema zimwi, likashika njia ya kilingeni.

Na kilingeni, wanangu, alikuwepo Mzee Kombe peke yake, mwenye kidonda mguuni, hawezi hata kusimama. Bibi Mbeyu alikuwa porini akichimba mizizi.

Nyevu akaingiwa na hofu.

"Ingia," zikasema zile sauti za mlangoni. "Mlango huu ukifungwa haukufungukii tena."

Nyevu akautazama mwanga. Akamfikiria Mzee Kombe. Akaupa mlango mgongo, akashuka mbio.

"Mzee, ni zimwi! Piga kelele!" akalia. Lakini roho haina koo, hakusikika. Akajaribu kuingia mwilini mwake, akakuta zimwi limejaa tele.

"Umerudi, mjukuu?" akauliza Mzee Kombe.

"Nimerudi, babu," likajibu zimwi, likanyoosha mikono limkabe koo.

Mikono ile ikakataa. Ikaenda kwenye mtungi wa ndani, ikateka maji, ikamnywesha mzee.

Zimwi likanyoosha tena. Mikono ile ikakataa. Ikachukua kitambaa, ikaosha kidonda taratibu, pembeni kwanza, kisha katikati.

"Mikono gani hii isiyosikia!" zimwi likafoka, likanyoosha mara ya tatu. Mikono ile ikakataa. Ikashika kibuyu cha dawa na, kwa mazoea ya miaka sita, ikakipeleka kinywani kwanza.

Lo! Tangu lizaliwe, zimwi lile halijaonja uchungu kwa ajili ya mtu mwingine. Likakohoa. Likapaliwa. Likapiga chafya moja, pu! Likatokea puani, likatimua mbio likilia mama yake. Nyevu akaingia upesi.

Akakuta mikono yake bado imeshika kibuyu. Akaanza kulia.

"Unalia nini?" akauliza Mzee Kombe.

"Dawa chungu, babu."

"Afadhali leo umekiri!"

Bibi Mbeyu aliporudi, Nyevu akapiga magoti, akasema yote, hakuficha hata neno.

"Kwa hiyo ulipaa," akasema Bibi. "Ukaona nini?"

"Niliona mikono yangu, Bibi. Ina akili kuliko mimi."

"Nani aliifunza?"

Nyevu akaitazama mikono yake.

"Na roho iliyouacha mwanga ikamrudia mzee mwenye kidonda, nayo ilifunzwa na nani? Inuka. Umebakiza mwaka mmoja."

"Najua, Bibi."

Akaenda kisimani kuufuata mtungi wake, akiimba njia nzima. Mwaka ulipotimia alipewa mkoba, na asubuhi ile ile, kabla hajaufungua, aliosha vidonda vya watu wanne.

Hadithi yangu imeishia hapo, na ulimi wangu unataka maji. Uchawi unaweza kukupaisha kwa siku moja, ukarudi ukute nyumba yako ina zimwi. Wema wa kila siku huenda polepole, lakini siku usipokuwepo, wenyewe unakulindia nyumba.