Mita Moja ya Itondelo

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi hapa imenishinda kuamua, na niseme mapema kwamba naisimulia nikiwa na hasira.

Kijiji cha Itondelo kiko mlimani, kwenye mteremko wa migomba na mianzi. Kati ya wakazi wake, watatu ndio wa kesi hii. Bibi Subilaga alikuwa na jicho la ardhi: akiutazama udongo, anajua unataka kufanya nini. Gwakisa alikuwa fundi wa mawe, na ukuta wake haukuhitaji saruji. Sekela aliyajua maji. Akichimba mfereji kwa jembe lake, maji yanamfuata kama ng'ombe wake.

Juu ya mapaa yao zilipita nyaya za umeme mkubwa, zimeshikwa na mnara wa chuma. Mnara ulipojengwa waliambiwa wakate mianzi yao kuupisha, wakakata. Wakauliza, "Na sisi?" Wakajibiwa, "Huu unapita tu, unakwenda mjini." Wakaendelea na koroboi zao, miaka ishirini na mitatu.

Kisha ikaja mvua ambayo hata waliozeeka pale hawakuwahi kuiona. Siku tisa, haikupumzika.

Siku ya saba Bibi Subilaga alikuta ufa ardhini, upande wa juu wa mnara, upana wa kiganja. Akachomeka vijiti pande zote mbili, akakaa hapo na gunia kichwani akivitazama. Kufikia mchana vijiti vilikuwa vimeachana. Chini ya mnara kulikuwa na nyumba saba zenye watu. Akaazima simu, akaipigia kampuni ya umeme.

"Karibu huduma kwa wateja," sauti ikasema. "Naomba namba ya mita yako."

"Mwanangu, sina mita. Mnara wenu unaanguka."

"Mama, bila namba ya mita siwezi kukuhudumia."

Simu ikakatwa. Bibi akabaki mvuani siku mbili akiulinda ule ufa na kuwaita watu. Aliposhuka alikuwa na homa ya mapafu, na hadi leo anakohoa.

Gwakisa alikuja mbio. Alikuwa na mawe aliyoyachonga kwa miaka mitano ili ajenge nyumba ya wanawe, na kuta zilikuwa zimefika kwenye madirisha. Akazibomoa. Jiwe kwa jiwe, wakipokezana na majirani, akajenga ukuta chini ya miguu ya mnara.

Lakini ukuta haungefaa kitu kama maji yangeendelea kuingia kwenye ufa. Sekela akatazama mteremko, akaona njia moja tu ya kuyapeleka. Ilipita katikati ya shamba lake. Akafungua mfereji kwa mikono yake. Migomba yote ikasombwa, na banda la ng'ombe pia. Alisimama pembeni, hakulia.

Mnara ukasimama. Mjini hakuna taa iliyozimika hata dakika moja, na hakuna aliyejua.

Mvua ilipokatika, habari zikaifikia kampuni, akaja Injinia Mkwizu pamoja na mpiga picha. Kwanza alihutubia. Akawaasa wanakijiji wapunguze kukata kuni, maana hali ya hewa ya dunia inaharibika.

Bibi Subilaga akainuka, anakohoa. "Baba, mvua hii tumeileta sisi, kwa koroboi?"

Injinia akatazama karatasi zake. Kisha akatangaza zawadi: kampuni italeta nguzo kutoka barabara kuu hadi kwenye mlango wa aliyeuokoa mnara. Mita moja ya umeme.

"Sisi tulikuwa watatu," Sekela akasema.

"Nimeruhusiwa mita moja."

"Basi ifungwe kwenye zahanati ya kijiji."

"Zawadi ni ya mtu, mama, si ya jengo. Niandikieni jina moja, nitalichukua Ijumaa."

Akaondoka. Na hapo, nasikitika kusema, watu watatu waliookoa nyumba saba wakaanza kugombana.

"Bila jicho langu msingejua lolote," alisema Bibi Subilaga. "Na kifua hiki hakiwezi tena moshi wa koroboi."

"Bibi, ungeutazama ufa mpaka ukumeze," Gwakisa akajibu. "Uliozuia ni ukuta. Leo sina hata nyumba ya kufungia hiyo mita!"

"Ukuta wako ungebebwa na maji, kaka," Sekela akasema. "Mimi ndiye sina shamba. Nipeni umeme niweke mashine ya kusaga, wanangu wale."

Wakaoneana haya. Ndipo Gwakisa akasema kwa sauti ya chini:

"Wachukue mita yao. Mimi nachukua mawe yangu. Mvua ijayo mnara uanguke, mji mzima ukae gizani, labda watatusikia."

"Na nyumba saba?" Sekela akauliza.

"Watu wahame."

"Waende wapi?"

Leo ni Alhamisi, Injinia anarudi kesho, na karatasi ya kuandikia jina iko mezani, tupu.

Haya, ninyi mlionisikiliza, kalamu wameniachia mimi niwaamulie. Niandike jina la aliyeona, la aliyejenga, au la aliyetoa shamba? Au niirudishe tupu, na kumwacha Gwakisa achukue mawe yake? Wewe uliyekaa karibu na taa, anza: ungeamua vipi?