Wahamaji Wawili Juu ya Shimo la Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika kwa vyungu na kufunga milango kwa komeo, palikuwa na kilima katikati ya nchi mbili. Upande huu Ngwarani, upande ule Shimbwe. Juu kileleni palipita njia moja tu, nyembamba, mwamba kushoto, korongo kulia. Chini ya njia hiyo Bi Nguchiro alikuwa amechimba shimo lake, na juzi tu alikuwa amejifungua watoto wanne. Hata macho walikuwa hawajafumbua.

Asubuhi moja udongo wa dari ukaanza kudondoka. Puu! Puu! Puu! Akatoka mbio.

Nyati alikuwa anapanda kutoka Ngwarani, godoro kichwani, masufuria yanagongana mgongoni. Kutoka Shimbwe akaja Kifaru, jamvi kwapani, anahema kama mvukuto. Wakakutana pua kwa pua, juu ya shimo kabisa.

"Nipishe," akasema Nyati. "Nahamia Shimbwe. Ngwarani si nchi, ni adhabu! Majani makavu, majirani wambea, mvua ikinyesha ni matope mpaka magotini."

"Shimbwe?" Kifaru akashangaa. "Mimi ndiyo natoka huko! Kupe watupu, kivuli hakuna. Rudi nyuma, ndugu yangu, nipite niende Ngwarani kwenye raha."

"Kwetu kubaya zaidi!"

"Kubaya zaidi ni kwetu!"

"Sirudi!"

"Na mimi sirudi!"

Wakainamisha pembe. Dari ya shimo ikapasuka ufa, paa!

Bi Nguchiro afanyeje? Awahamishe watoto, mmoja mmoja mdomoni? Muda hana. Awabembeleze hawa? Mwenye pembe na hasira hasikii sauti ndogo. Akaenda huku, akarudi huku, mkia umemsimama. Mara akaruka juu ya jiwe.

"Pole sana, Bwana Nyati!" akapaza sauti. "Ngwarani kweli ni jaa. Nawaona kila siku kutoka hapa juu. Hata mama zenu hawajui kupika!"

Nyati akainua kichwa polepole. "Umesemaje?"

"Si umesema mwenyewe nchi yenu mbaya?"

"Nimesema majani makavu! Mama yangu umemtoa wapi? Wewe umewahi kunywa maji ya Ngwarani? Yale ya chini ya mikuyu, baridi mpaka meno yanauma?"

Kifaru akaangua kicheko, kwa-kwa-kwa!

"Unacheka nini?" Bi Nguchiro akamgeukia. "Si huko Shimbwe wanaume wanakimbia panzi?"

Kicheko kikakatika. "Nani anakimbia panzi? Babu yangu alisimama mbele ya moto wa nyika, Shimbwe hiyo hiyo! Na tope letu la kuogea, hakuna kama lile duniani!"

"Maneno matupu. Nileteeni maji hayo, nileteeni tope hilo. Atakayechelewa, kila ndege apitaye hapa nitamwambia kwao ni jaa."

Lo! Mizigo ikatupwa chini, pu! Nyati huyoo Ngwarani, Kifaru huyoo Shimbwe.

Bi Nguchiro hakungoja vumbi litulie. Akawabeba watoto mmoja mmoja hadi kwenye pango dogo ndani ya mwamba, ambao hata ndovu hautikisi. Kisha akarudi, akalivuta jamvi la Kifaru, akawatandikia.

Alasiri wakafika, huyu na kibuyu cha maji, huyu na tope mgongoni, jasho linawatiririka. "Nimewahi mimi!" "Mimi!" Mwamuzi hayupo. Wakaketi njiani, kila mmoja akamsifia mwenzake kwao, wakasifia, wakasifia, mpaka jua likazama. Habari ya kuhama hakuna aliyeikumbuka.

Mwenye nchi huitukana apendavyo, lakini akisikia mwingine anaitukana, ndipo ajuapo kuwa anaipenda.