Mfereji wa Andongolile

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mteremko lenye maporomoko ya maji. Jina lake Andongolile. Kijiji chake kilipata umeme wa zahanati na wa mashine ya kusaga kutoka kwenye jenereta ya dizeli, na dizeli hiyo ilipandishwa mlimani kwa lori la mfanyabiashara mmoja, Mwaijande.

Baraza la kijiji likatangaza: atakayezalisha umeme kwa maji, tutaununua kwa bei moja, miaka kumi na mitano. Andongolile na mkewe Sekela wakaamini. Wakauza ng'ombe wote sita, wakanunua mtambo. Wakachimba mfereji kwa majembe misimu miwili, na Sekela akapoteza kidole chini ya jiwe. Mtambo ulipozunguka, muuguzi wa zahanati alitunza chanjo kwenye jokofu bila moshi wa jenereta.

Mwaka wa tatu baraza likageuza neno. Likasema sasa ni soko: kila mwaka atauza mwenye bei ya chini. Lakini likamsamehe Mwaijande ushuru wa mafuta, naye akashinda. Ili kumshinda, Andongolile angeuza kwa bei isiyotosha hata kubadilisha vyuma vya mtambo vilivyolika. Hakugombana na mtu. Alifunga mlango wa maji, akarudi kwenye viazi vyake. Majirani wawili waliokuwa wameanza kupima vijito vyao ili nao wajenge mitambo wakakunja kamba zao.

Masika yaliyofuata yakakata barabara. Lori halikupanda kwa majuma matano. Chanjo zikaharibika, na akina mama wakarudi kusaga kwa mawe. Ndipo wajumbe wa baraza wakamfuata Andongolile shambani, matope yamewafika magotini.

"Baba, fungua maji," mwenyekiti akasema. "Bei ile ya kwanza tunairudisha. Na utujengee mtambo wa pili."

Andongolile aliegemea jembe lake.

"Huu nitaufungua, kwa ajili ya wagonjwa," akajibu. "Wa pili sijengi. Ng'ombe naweza kupata wengine, mwenyekiti. Imani ile niliyochimbia mfereji, sijui nitaipata wapi."

Akaufungua siku ile ile. Nao wajumbe, wakiteremka, wakalalamika wao kwa wao kwamba watu wa kijiji hiki ni waoga, hawathubutu kuweka mali yao katika jambo jipya.

Nanyi mnaopanga bei na kuzipangua: hao mnaowaita waoga, si ndio waliowaamini mara ya kwanza?