Kilemba cha Hoza

Kilemba cha kuazima, azima na fundo lake. Leo mama yenu kamwambia Tunu hivyo alipomwona ananakili barua ya rafiki yake ya kuomba kazi, nanyi mmekuja kuniuliza kilemba kimeingiaje kwenye barua. Haya, kaeni. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kwamsanja, na ilizaliwa hivi.

Palikuwa na kijana akiitwa Hoza, fundi baiskeli. Alimpenda Mwantumu, binti wa Mzee Mhina, na Mwantumu naye alimpenda. Lakini posa ina njia yake: huandikwa barua, mshenga akaipeleka, ikasomwa mbele ya wazee. Ikikataliwa, ndiyo basi. Na kulikuwa na kijana mwingine, mwenye duka, aliyekwisha kuanza kumwamkia Mzee Mhina asubuhi na jioni.

Hoza akaona lazima barua yake ing'are. Akaandika Kiswahili cha adabu, ila mwanzoni, mahali pa "ama baada ya salamu", akaweka Kiingereza, hakukosea hata herufi: "I regret to inform you."

Siku ikafika. Wazee wamekaa mkekani, kahawa imemiminwa. Msomaji ni Semboja, mjomba wa binti, aliyepata kuwa karani wa shamba la mkonge. Akafungua barua, akasita. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Soma, shemeji," Mzee Mhina akamhimiza.

"Anasema anasikitika kukuarifu..."

"Kafiwa?"

"Hapana. Anasikitika kukuarifu kwamba anampenda mwanao, anataka kumwoa."

Kahawa ikawapalia wazee. Mzee Mhina akasimama.

"Anayesikitika kabla ya ndoa, akishaoa si ataomboleza? Mshenga, chukua barua yako!"

Mwantumu alikuwa nyuma ya pazia, anasikia yote. Akamsukuma shangazi yake atoke: "Mwambie baba amwite Hoza mwenyewe, amuulize. Kuuliza si kuozesha."

Hoza akaja mbio, mikono imejaa grisi.

"Unasikitika nini, bwana?" akaulizwa.

"Shikamoo, mzee. Sisikitiki hata kidogo! Nilijua ndiyo salamu yao. Kila barua ya Kiingereza inayofika hapa kijijini huanza hivyo."

Semboja akauliza, "Barua hizo hutoka wapi?"

"Maofisini. Vijana tukiomba kazi."

"Na kuna aliyepata kazi?"

Hoza akafikiri, akajikuna kichwa, grisi ikabaki kwenye nywele. "Hakuna, mjomba. Hata mimi sikupata."

Pazia ndilo lililoanza kucheka. Kisha shangazi, kisha wazee wote, mpaka mshenga akashika mbavu.

"Kumbe mlikuwa mkifukuzwa," Mzee Mhina akasema akifuta machozi, "nanyi mnadhani mnasalimiwa! Sikiliza, mwanangu. Ukiazima kilemba cha watu, azima na fundo lake. Usikitundike tu kichwani."

"Na barua, mzee?" mshenga akauliza.

"Irudishe hapa. Masikitiko ameyapata kila mahali. Kwangu asiyapate."

Siku ya harusi, Hoza alikuja na kilemba, na kweli kilikuwa cha kuazima. Nyuma yake, hatua kwa hatua, alikuja mwenye kilemba, mkono juu, analikaza fundo kila likitaka kulegea. Mzee Mhina alipowaona mlangoni alicheka mpaka akaketi.

"Ingieni," akasema. "Ingieni wote wawili!"

Basi Tunu, kabla hujaituma barua hiyo, nenda kwa rafiki yako akueleze kila sentensi inasema nini. Kilemba cha kuazima, azima na fundo lake.