Pimbi, Kiboko na Sanduku la Umeme

"Kaeni!"
"Tumekaa!"
"Uongo uje?"
"Uje na ndugu zake wote!"
"Na ukweli?"
"Ungoje mlangoni, tukiuhitaji tutauita!"

Basi hapo kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika porini pamoja na bili zake, palikuwa na bonde moja likiitwa Mivumo. Bondeni palikuwa na mto, na kila kiangazi mto ulikauka, likabaki dimbwi moja. Moja tu. Na wanyama hawakuligombania kwa pembe wala kwa meno, kwa sababu walikuwa wameshastaarabika. Waliligombania kwa gemu la mpira la kwenye kompyuta. Aliyeshinda alikuwa mwenye dimbwi mpaka mvua inyeshe. Yeye ndiye aliyesema nani anywe na nani asinywe.

Mwaka wa kwanza alishinda Kiboko. Mwaka wa pili Kiboko. Mwaka wa tatu Kiboko. Na kila mwaka, akishashinda, alijitosa majini, chubwi! akatoa pua na kusema maneno yale yale: "Dimbwi dogo, mwili mkubwa. Mtanielewa." Wengine wakaenda kulamba umande kwenye majani.

Sasa sikilizeni sheria, maana bila sheria hakuna ujanja, kuna fujo tu.

Kila mchezaji aliunda mashine yake mwenyewe. Kila mchezaji alipewa madebe kumi ya karanga kutoka ghala la wote, akanunulie vifaa. Madebe kumi si mengi, si machache. Ukichagua vizuri unapata mashine nzuri. Ukichagua vibaya unapata taa.

Sheria nyingine: mashine ikizima mara tatu katika mechi, mwenye mashine ameshindwa, hata kama anaongoza mia kwa bila.

Halafu palikuwa na desturi iliyoitwa Haki ya Uzito. Hii haikuandikwa popote, lakini kila mmoja aliijua, hasa wepesi. Ilisema hivi: kifaa ambacho fundi hajakifunga skrubu bado hakina mwenyewe. Mzito akikitaka, anakichukua mikononi mwa mwepesi na kukilipia yeye. Mwaka uliotangulia Kiboko aliitumia haki hiyo kwa Digidigi, akamwachia kibodi na waya wa kuchajia simu. Digidigi alikwenda mashindanoni na vitu hivyo viwili. Alijitahidi sana.

Haya. Pimbi mnamjua? Ni mnyama wa mawe, mkubwa kama paka aliyeshiba, hana mkia na wala hausikitikii. Alikuwa na mke na watoto wanne. Siku moja mtoto wake wa mwisho alilamba jiwe, akalilamba tena, akauliza, "Baba, hili jiwe jana si lilikuwa na maji?"

Pimbi akaligeuza jiwe, upande wa pili nao mkavu. Mkewe akasema, "Baba Kijiwe, mwaka huu nenda kacheze."

"Nikacheze nini, mke wangu? Maishani mwangu sijawahi kufunga goli."

"Nimesema ufunge? Nimesema uende."

Pimbi akaenda. Alfajiri na mapema akawa dukani kwa Nungunungu, muuzaji wa vifaa na fundi wa kuvifunga, ambaye bisibisi zake zote zilimwota mgongoni.

"Fundi, nataka mashine ya madebe kumi. Isiwe ya maringo. Iwake, na isizime."

"Isizime?" Nungunungu akamtazama juu ya miwani. "Miaka minane niko hapa, wewe ni wa kwanza kuuliza hilo. Wote huuliza kama ina taa."

Akamwonyesha. Prosesa ya wastani, ubongo wa mashine, ndogo kama biskuti. Bodi ya kuichomekea. Vipande viwili vya ram, kumbukumbu ya mashine. Diski nyembamba kama ubani wa kutafuna. Kadi ya picha ya wastani, toleo la mwaka juzi. Kioo kidogo cha kutazamia. Kasha la bati lenye matundu kila upande, baya kama zizi.

"Vifaa vilingane," fundi akasema. "Kadi ya picha ni mgeni anayekula. Ukimkaribisha mlaji mkubwa, jiko lako limtoshe. Na jiko la mashine ni hili." Akamtwika sanduku jeusi la chuma. Magoti ya Pimbi yakagonga sakafu, ko!

"Mbona zito hivi?"

"Sanduku la umeme likiwa jepesi, ujue ndani wameweka hewa. Na mazito yamekwisha. Limebaki hilo moja mpaka mzigo wa mwezi ujao."

"Funga vyote, fundi. Funga sasa hivi!"

"Haiwezekani. Mwiba wangu wa skrubu ndogo ulivunjika jana. Huu mpya unaota, utafaa saa nane mchana."

Mara wakasikia njiani: Gudu! Gudu! Gudu! Rafu zikatikisika.

Pimbi akavirundika vifaa vyake kwenye kona, akavifunika gunia, akakaa juu yake. Akawaza upesi, maana hakuwa na muda wa kuwaza polepole. Kisha akairukia rafu, akalivuta boksi la kadi ya picha kubwa kuliko zote, kadi ndefu kama mkono wa nyani, yenye feni tatu. Akalikumbatia, akaanza kulia.

"Uwii, kipenzi changu! Nikikupata wewe nimemaliza! Asije mtu akakuona!"

Kiboko akajaa mlangoni. "Unalilia nini, kijana?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Hiyo kadi imefungwa skrubu?"

"Haijafungwa, mzee, lakini nakuomba..."

"Basi yangu." Akaichukua. Madebe sita yakaenda.

Pimbi akajipangusa macho, akapanda rafu nyingine, akakikumbatia kioo kipana kama mlango wa gereji. "Uwii, kipenzi changu! Nikikupata wewe nimemaliza!"

"Hicho kioo kimefungwa skrubu?"

"Hakijafungwa, mzee, lakini nakuomba..."

"Basi changu." Madebe mawili yakaenda. Na kioo kipana, wasikilizaji wangu, ni kazi zaidi kwa kadi ya picha, kama kumwongezea mpaka rangi ukuta mwingine. Lakini Kiboko hakuuliza hilo.

Pimbi akalikumbatia kasha la vioo vitupu, halina tundu hata la kupitisha sindano. "Uwii, kipenzi changu! Nikikupata wewe nimemaliza!"

"Limefungwa skrubu?"

"Halijafungwa, mzee, lakini..."

"Basi langu!" Debe moja likaenda. "Leo unalia vizuri kweli. Endelea."

Nungunungu alikuwa fundi mkweli, na ukweli ukamwasha kooni. Akakohoa. "Mzee, prosesa na bodi unazo nyumbani?"

"Ninazo, za ile mashine yangu ya zamani ya ofisini. Mwaka wa nne huu."

"Na sanduku la umeme ni lile lile?"

"Lile lile. Linanuka kidogo, lakini linafanya kazi."

"Mzee, hiyo kadi itakula mara tatu ya linachotoa lile. Unalo debe moja limebaki, na debe moja ndiyo bei ya sanduku zito. Lipo. Pimbi amelifunika gunia kule kwenye kona."

Kiboko akageuka. Akaliinua gunia kwa pua. Pimbi akapiga hesabu upesi. Kiboko akilipata lile sanduku, kwisha habari. Mtoto atalamba mawe mpaka Desemba. Na akililia, Kiboko atalichukua. Akinyamaza, atalichukua pia.

Basi akacheka. Akalisukuma lile sanduku kwa mikono miwili mpaka miguuni pa Kiboko.

"Chukua, mzee! Ahsante Mungu! Chukua, tena nitakubebea mpaka nyumbani!"

Kiboko akarudi hatua moja. "Mbona unanipa?"

"Aa, kwa heshima tu, mzee."

"Tangu lini unaniheshimu?"

"Tangu niliponunua hili sanduku. Tafadhali, mzee, nakupigia magoti, usiniachie! Fundi, mfungie mzee haraka kabla hajaondoka!"

Kiboko akalinusa. Jeusi. Halina taa. Halina kioo. Akamtazama Nungunungu, akamtazama Pimbi, akaona wote wawili wanataka alichukue. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyegundua njama.

"Mmepatana nyinyi wawili. Mnataka kunitupia takataka, eti?" Akaisogeza miguu yake mbali. "Baki nalo mwenyewe. Fundi, na hizo feni zinazowaka rangi saba ni kiasi gani?"

"Debe moja, mzee. Lakini mimi nimeshakwambia."

"Umeniambia. Nifungie sita."

Gudu, gudu, gudu, akaondoka na vitu vyake. Pimbi akalikalia tena sanduku lake, asibanduke mpaka saa nane, mwiba ulipokomaa.

Siku ya mashindano wanyama wote wakaja, ndimi zimewakauka. Wachezaji walikuwa wawili tu, wengine walikuwa wamekata tamaa. Mwamuzi alikuwa Korongo, kwa sababu ya urefu.

Kiboko akawasha. Vuuuu! Rangi saba. Wanyama wakasema "Haaa!" Kwenye kioo chake jani moja moja la uwanjani lilionekana, na jasho la golikipa. Pimbi akawasha. Tik. Kasha la bati likakaa kimya kama limesahau kitu. Wachezaji wake walikuwa na sura za kufanana, lakini walikimbia vizuri, bila kukatika.

Mechi ikaanza. Dakika ya tatu Kiboko akafunga. Dakika ya nne Pimbi akajifunga mwenyewe. Dakika ya saba Kiboko akafunga kwa kichwa, uwanja mzima wa ndani ya gemu ukasimama kushangilia, watazamaji elfu na bendera zao, na kadi ya picha ikawachora wote kwa mpigo, na ikaomba umeme.

Pap! Giza. Rangi zote saba zikazima.

"Moja!" akasema Korongo.

"Umeme wa kijiji huo!" akasema Kiboko.

"Mashine ya Pimbi inawaka," akasema Korongo. "Washa, mechi inaendelea palepale."

Vuuuu! Dakika ya kumi na tano Kiboko akafunga la nne. Watazamaji wakasimama, bendera juu. Pap!

"Mbili!"

Sasa Kiboko akanusa. Kasha lake la vioo lilikuwa la moto kama sufuria, na ile harufu ya zamani ilikuwa imepata nguvu mpya. Kiboko alikuwa mlafi, hakuwa mjinga. Akaelewa kwamba goli ndilo linalomzimia. Anaongoza nne kwa bila, asifunge tena, basi. Akaanza kupasiana nyuma. Beki kwa beki, beki kwa kipa. Tuk, tuk, tuk. Dakika zikaenda. Sabini. Themanini. Mke wa Pimbi akawashika watoto mikono.

Dakika ya themanini na nane Pimbi akanyang'anya mpira, ikawa mara yake ya kwanza kufanya hivyo. Wanyama wakainuka. Lakini Pimbi hakwenda mbele. Akamtoa kipa wake golini, akampeleka mpaka kwenye kibendera cha kona. Akawatoa mabeki wote, akawapanga pembeni kama wageni kwenye picha ya harusi. Kisha akaupeleka mpira taratibu, tuk, mpaka kwenye mguu wa mshambuliaji wa Kiboko, hatua mbili kutoka golini. Goli tupu.

"Mzee," akasema, "hilo ni lako. Halijafungwa skrubu."

Kiboko akalitazama goli. Akalitazama tena. Jasho likamtoka. Kidole chake kinene kikasogea. Akakirudisha. Kikasogea.

"Usipige, baba!" mke wa Kiboko akapiga kelele kutoka nyuma.

Lakini jamani, goli tupu!

Akapiga. Goooo! Watazamaji elfu wakasimama, bendera juu, mafataki yakapanda angani, jani moja moja na jasho la kila mtu...

Pap! Halafu fsss, moshi mwembamba.

"Tatu," akasema Korongo. "Tano kwa bila. Mshindi ni Pimbi."

Pimbi hakungoja hotuba. Akasema dimbwi ni la wote, na foleni itaanza kwa aliye mwepesi kuliko wote. Korongo akapima. Mbele akasimama mtoto wa mwisho wa Pimbi, akanywa mpaka akashikwa na kwikwi. Kiboko alisimama mwisho kabisa, ameishika kadi yake ya picha, na jua lilikuwa kali.

"Foleni hii inakwenda polepole," akalalamika.

"Dimbwi dogo, mzee," akasema Digidigi. "Utatuelewa."

Haya, ngano imezimika, na aliye na waya mrefu aichomeke kwake.

Funzo lake ni hili, watoto mlishike vizuri: mkienda kununua vifaa, anzeni na taa. Kadi kubwa kabisa, kioo kipana kabisa, na hela ikibaki, feni za rangi. Sanduku la umeme tumieni lile la zamani, hakuna anayeliona. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, baada ya kutembea nchi saba na kushauriana na mafundi wa kila nchi. Mashine yangu ni nzuri ajabu. Inapendeza mezani hata ikiwa imezima, na mke wangu ameitandikia kitambaa.