Maji ya Jumanne

Hapo zamani, na msidhani ni zile zamani za fisi kuvaa kanzu, hapana, ni zamani za juzi tu, simu zilikuwepo na mtandao ulikuwa unakatika kama unavyokatika leo, palikuwa na kijiji kimoja huko juu milimani Upare. Kijiji hicho kilikuwa na ndiva. Asiyeijua ndiva nimweleze sasa hivi, asije akanikatiza mbele. Ni bwawa la mawe na udongo, mababu walilijenga kwa mikono yao. Maji ya kijito yanaingia humo usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa, yanashuka na mfereji mpaka shambani kwa mwenye zamu. Kila nyumba ina siku yake. Ukuta ukilegea, inapigwa filimbi, watu wanatoka na majembe. Kazi hiyo ya wote ndiyo msaragambo. Na nyumba isiyotoa jembe mara tatu mfululizo, zamu yake inakufa. Hata ungekuwa mtoto wa mchungaji, inakufa.

Zamu ya Jumanne ilikuwa ya mzee Kajiru. Mzee Kajiru alikuwa na mtoto mmoja, Nakijwa. Nakijwa alikwenda Ujerumani akiwa na miaka ishirini na mitatu, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akawaogesha, akawalisha, akawageuza vitandani. Mwaka wa kwanza alisema, narudi. Mwaka wa tano alisema, narudi. Mwaka wa kumi hakusema tena, ila sisi tuliendelea kumwambia kwenye simu, rudi nyumbani. Baba yake alipofariki alifika siku ya tatu, kaburi limeshafunikwa. Alilia, akapanda ndege, akaenda zake.

Basi mwaka wa ishirini na moja, mwezi wa sita, baridi ikiwa imetukaba huku milimani, tukamwona anashuka kwenye gari amevaa koti jeusi, refu mpaka kwenye vifundo, nene mno. Koti la kwenye theluji hilo. Watoto walimfuata wakilishika.

"Huyu anasubiri Krismasi," watu walisema. "Ikipita tu, uwanja wa ndege."

Nakijwa alisikia. Akasimama palepale njiani na mabegi yake.

"Kibali changu cha kuishi kule kinakufa nikikaa nje miezi sita," alisema. "Kiacheni kife. Mimi sikuja kutembea. Nimekuja kulima."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, siwafichi.

Sasa sikilizeni. Siku ya msaragambo wa kwanza alikuja na jembe la marehemu baba yake. Mgawa maji alikuwa Togolani, mtu wa haraka, mwenye filimbi shingoni na hasira karibu. Akaita nyumba moja moja. Alipofika kwa Kajiru, akaita: "Nyumba ya Kajiru!"

"Ipo!" zikajibu sauti mbili.

Moja ya Nakijwa. Nyingine ya Mama Namkunda.

Mama Namkunda ni mjane, jirani yao. Mume wake alihamia kijijini siku zote za maji zikiwa zimeshagawanywa, kwa hiyo nyumba yake haikupata zamu hata moja. Miguu ya mzee Kajiru ilipokufa ganzi, yeye ndiye aliyebeba jembe kwa niaba ya nyumba ile. Mzee alimwambia, "Nishikie zamu yangu, nawe utanyweshea maharage yako." Akaishika miaka kumi na sita. Mvua ikinyesha, "Ipo!" Akiwa na homa, "Ipo!" Siku aliyomzika mwanawe mkubwa ilikuwa Jumamosi, na msaragambo ulikuwa Jumatatu. Alikuja na kitambaa cha msiba kichwani, akasema, "Ipo."

Kuna na wa tatu. Huyo ni Mbonea, mtoto wa baba mdogo wake Nakijwa. Mbonea ndiye aliyekaa na mzee Kajiru mpaka mwisho, maana mzee hakuachika peke yake hata siku ya msaragambo. Ndiye aliyelima shamba la mzee, akapanda tangawizi, na mzee kabla ya kufa akamgawia nusu ya chini, nusu ya juu akamwachia binti yake. Mbonea ana mke na watoto wanne, na watoto hao wanakula tangawizi, wanavaa tangawizi, wanasoma tangawizi.

Mvua zilipokuwa nzuri hakukuwa na neno. Jumanne asubuhi maji yalikwenda kwa Mbonea, mchana kwa Mama Namkunda. Nakijwa alipokuja akafyeka nusu yake ya juu, iliyokuwa pori kabisa. Malengelenge yakamtoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Akapanda mahindi. Mwezi wa kumi na mbili ukafika, kibali chake kikafa. Siku ile alipika chai, akakaribisha majirani, hakusema ni ya nini. Krismasi ikapita, Nakijwa yupo. Hapo kicheko kikapungua.

Lakini vuli haikunyesha. Ndiva ikawa haijai hata nusu. Jumanne moja wakajaribu kugawana maji mafungu matatu, kidogo huku, kidogo huku, kidogo kule. Mifereji ikayanywa yote njiani. Mahindi hayakupata, tangawizi haikupata, maharage hayakupata. Wakabaki watatu wanatazama tope.

Togolani akakasirika. "Maji haya ni ya shamba moja! Mkiyagawa mnayaua. Wiki ijayo nikifungua mlango, niambieni nayapeleka kwa nani. Nyumba ya Kajiru ina jembe moja, si matatu."

Wakashindana wiki nzima. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja.

Ikafika Jumatatu, siku ya gulio. Kijiji chote kilishuka gulioni, hata Togolani. Unafikiri watatu wale walikwenda? Thubutu! Mama Namkunda alisema moyoni, nikienda, hawa watafungua mlango. Akaja kukaa ndivani. Mbonea naye alisema hivyohivyo, akaja. Nakijwa akaja na koti lake, kwa sababu upepo wa pale juu unachoma. Wakakaa pande tatu za ndiva, kila mmoja anamlinda mwenzake asiibe maji. Watu wazima hao!

Saa tisa alasiri Mama Namkunda akainuka ghafla. Aliona ukuta wa nje unatoa jasho. Kisha maji yakaanza kuchuruzika, na yalikuwa na tope. Maji safi yakichuruzika ni kawaida. Yakiwa na tope, ujue ukuta unaliwa kutoka ndani.

"Fuko!" alipiga kelele. "Fuko ametoboa!"

Mbonea aliruka majini. Alipapasa huku, akapapasa kule, hakuona tundu.

"Si hapo, Mbonea!" alisema Mama Namkunda. "Tundu la fuko halinyooki. Ukuta huu nimeukandika miaka kumi na sita, naujua kama mgongo wa mwanangu. Nenda kushoto. Tena kushoto. Chini ya jiwe lenye pembe."

Mbonea akazama mpaka kichwa. Alipoibuka alikuwa anatetemeka. "Lipo, mama. Linanivuta mguu. Nipeni kitu nizibe!"

Akapewa nyasi, zikamezwa. Akapewa kanga ya Mama Namkunda, ikamezwa. Nakijwa akavua koti. Hakulitazama mara mbili. Mbonea akalikunja, akazama nalo, akalisukuma tunduni kwa miguu yake yote miwili, akabaki amelikanyaga, maji yakiwa shingoni.

Lakini kule nje ukuta ulikuwa umeshaanza kumomonyoka. Mawe mawili yalianguka. Nakijwa akateremka chini yake, akaegemeza mgongo, akakita miguu kwenye tope.

"Toka hapo utafunikwa!" Mama Namkunda alimwambia.

"Mama, nimeinua wazee wa kilo mia kila asubuhi miaka ishirini na mmoja," alisema Nakijwa. "Wewe lete mawe. Panga ubavuni kwangu."

Mama Namkunda akaleta mawe, akapanga, akakandika udongo. Watu waliporudi na mizigo ya gulio walimkuta Mbonea midomo imekuwa ya bluu, Mama Namkunda hana sauti tena, na Nakijwa amefunikwa tope mpaka kidevuni, mgongo bado uko ukutani. Togolani alipiga filimbi mpaka akakohoa. Tuliacha mizigo palepale, tukafanya msaragambo, ndiva ikapona. Ningekwambia sikulia, ningekuwa mwongo.

Asubuhi yake, Jumanne, kijiji chote kilikuwa juu ya ndiva. Togolani akasimama mlangoni.

"Jana mmetuokoa," alisema. "Bila ninyi, hakuna Jumanne wala siku nyingine yoyote. Kwa hiyo leo tunamaliza. Mmoja wenu anapewa zamu hii iwe yake, mbele ya watu wote, na hakuna atakayeigusa tena. Semeni."

Akaanza Mama Namkunda, sauti imekauka.

"Mimi sina maneno mengi. Sheria ya ndiva si damu, ni jembe. Nyumba ya Kajiru iliitwa miaka kumi na sita, nani aliitikia? Nisingeitikia mimi, leo hakuna zamu ya kugombea, ingekuwa imekufa zamani mkagawana ninyi. Na jana nani alijua tundu lilipo? Mvumilivu hula mbivu, mnasema kila siku. Zangu zinaiva lini?"

Watu wakasema, "Kweli kabisa. Zamu ni yake."

Mbonea hakuwatazama watu. Alimtazama Nakijwa.

"Dada, sikuchukii. Lakini wewe ulikuwa unawaogesha baba za watu, mimi nilikuwa namwogesha baba yako. Alipokuwa anakuita jina lako usiku, mimi ndiye niliyeitika, nikajifanya wewe ili alale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama Namkunda alishika jembe, ni kweli, lakini mzee mwenyewe nilimshika mimi. Na jana nilisimama kwenye tundu mpaka miguu ikafa. Kwa hawa wawili kuna mdomo mmoja mmoja. Kwangu kuna midomo sita."

Nakijwa alilia. Alilia wazi, mbele ya watu, na hakujifuta. Watu wakasema, "Basi, ameshindwa, atampa ndugu yake." Ndipo akanyanyua kichwa.

"Yote mliyosema ni kweli, na nitayabeba mpaka nakufa," alisema. "Lakini zamu siiachi. Ninyi ndio mliokuwa mnaniambia kwenye simu, mwaka hadi mwaka, rudi nyumbani, rudi nyumbani. Nimerudi. Niliyokuwa nayo kule nimeyaacha yafe, nikiyatazama. Mama, wewe una wanao waliobaki, wenye nyumba zao, watakulisha. Mbonea, tangawizi yako ina mizizi ya miaka. Mimi nina mahindi ya kwanza ya maisha yangu, yamefika magotini, wiki moja tu bila maji yamekwisha. Wapo watoto watatu wa kijiji hiki huko Ulaya. Kila Jumapili wananipigia, hawaniulizi hali ya hewa. Wananiuliza, je, ukirudi wanakupokea, au wanakuonyesha tu kaburi la baba yako? Niwajibu nini? Mkininyima siondoki, nitabaki hapa niwaombe unga. Ila msimwite mtu mwingine arudi."

Hapo watu wakagawanyika. Hata wale waliosema ni ya Mama Namkunda, hata waliomhurumia Mbonea. Mmoja alisema kwa sauti ndogo, mcheza kwao hutunzwa. Mwingine akamjibu, na aliyebaki kwao bila kucheza, hatunzwi?

Togolani alimtazama mama, akamtazama kaka, akamtazama dada. Jua lilikuwa limeshapanda, na maji yakicheleweshwa jua linayanywa njiani. Chini yake mifereji mitatu ilikuwa imezibwa kwa udongo, inangoja mmoja uzibuliwe. Yule mtu wa haraka aliteremsha jembe chini, akatugeukia sisi.

Na mimi leo nawageukia ninyi, msione mmekaa tu mnasikiliza. Tangawizi inanyauka, maharage yananyauka, mahindi yananyauka, na maji ni ya shamba moja. Yupo aliyeshika jembe, yupo aliyemshika mzee, yupo aliyerudi akafunga mlango nyuma yake. Shikeni jembe, semeni haraka kabla jua halijayamaliza: je, nani alistahili maji ya Jumanne?